Kitanda cha Fundi Kimya Kinalia

Ko!

Mlio ulitoka gizani, mkavu na mfupi, kama ukuni uliovunjwa juu ya goti.

"Nini hicho?" mama Kidosho akauliza, sauti yake bado imelala.

Fundi Kimya alikuwa amekwama ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja sakafuni, mwingine ndani ya shuka, mkono kiunoni, pumzi kaizuia. Alijua vizuri sana ni nini hicho. Kilikuwa kiuno chake. Lakini kuna maneno ambayo mwanamume akiwa amekunjika nusu gizani hayatoki, basi akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Kitanda."

Lilipokwisha kutoka ndipo alipolisikia. Kitanda! Yeye, ambaye juu ya mlango wa karakana yake alitundika ubao alioupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe: VITANDA KIMYA. HAVILII, HAVITINGISHIKI. Yeye, ambaye jina alilopewa na wazazi mtaa mzima umelisahau kwa ajili ya ubao huo. Afadhali angesema ni panya. Afadhali angesema ni paa linashuka.

"Kitanda hiki?" mkewe akauliza, sasa akiwa macho kabisa. "Ulichokitengeneza wewe?"

"Mbao zinakauka, mama Kidosho. Ni mambo ya hali ya hewa. Lala."

"Mbao za tangu tuoane ndio zinakauka leo?"

Kabla hajapata jibu, sauti nyingine, nyembamba, ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba, leo utanibeba?"

Hilo ndilo lililomuuma kuliko kiuno. Kidosho alipoanza chekechea, baba yake alikuwa akimpeleka mabegani mpaka langoni, mtoto kashika masikio ya baba kama usukani, akimwamuru akate kushoto, akate kulia, apige honi. Na baba alipiga honi, mbele ya watu wazima wenzake. Kisha mgongo ukaanza mambo yake, na kila alfajiri mtoto akauliza, na kila alfajiri baba akajibu vilevile.

"Kesho, mwanangu."

"Jana ulisema kesho."

"Na leo nasema tena. Si unaona baba yako habadilishi maneno?"

Fundi Kimya akauvuta mguu wa pili kutoka kwenye shuka kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha mzigo wa mwenzake, akatoka kwenda kijiweni.

Kijiwe chao ni baraza la duka la Kinyozi, ng'ambo ya barabara kutoka karakana ya fundi. Pana benchi moja refu, viti viwili vya plastiki vilivyochoka, na jiko la Bi Birika, mama anayeuza kahawa na chai na habari, vyote vikiwa vya moto. Kila asubuhi, kabla kazi haijawadaka, wenyewe hukutana hapo. Yupo Kinyozi, taulo begani. Yupo Breki, dereva wa lori, ambaye akiwa safarini masikio ya mtaa hupumzika. Na yupo Takwimu, karani mstaafu, anayezisoma habari za dunia kwenye simu yake kwa sauti ya mtu aliyezituma yeye.

"Sikilizeni hii," Takwimu alikuwa akisema, akiisogeza simu mbali na macho mpaka mkono ukaisha. "'Wataalamu wa viungo waonya: maumivu sugu ya mgongo hayaishi kwa kukandwa pekee.'"

"Nani kasema?" Breki akaruka, kwa mdomo tu, mwili ukabaki palepale.

"Wataalamu."

"Hao wataalamu wana migongo?"

"Muache asome, wewe," Bi Birika akamkata, akimimina kahawa.

"'Mikono ya mtaalamu humpa mgonjwa nafuu kwa muda. Lakini mgonjwa asiposogea mwenyewe, akatembea na kufanya mazoezi, maumivu hurudi.'"

"Uzushi mtupu!" Breki akaipiga benchi kofi. "Hao hawajakanyagwa. Mimi nikirudi safari, nalala chini kwenye mkeka, mke wangu anapanda juu, anautembea mgongo kuanzia mabegani mpaka kiunoni, anageuza, anarudi. Nikiinuka hapo, kijana mbichi!"

"Mkeo yule?" Kinyozi akauliza.

"Ninaye mwingine?"

"Yule akipanda mizani, mizani inaomba radhi."

"Kinyozi! Huyo ni shemeji yako," Bi Birika akamtikisia kijiko.

"Muache, Bi Birika, ni kweli," Breki akasema. "Juzi akiwa juu, simu ikaita. Dada yake. Wakaanza kuulizana hali za watu, mmoja baada ya mwingine, ukoo mzima, pamoja na waliohamia ng'ambo. Mimi niko chini, uso mkekani, nimekosa hata pumzi ya kusema nisalimie."

"Ukapona?"

"Nikazimia kidogo. Lakini nilipozinduka, maumivu yalikuwa yamehama, yamekwenda upande wa pili. Hayo si maendeleo?"

"Kukanyagwa ni mambo ya zamani," Kinyozi akasema, akikunja taulo kitaalamu. "Mgongo unavutwa. Mimi nilishika fremu ya mlango, nikaikunja miguu, nikaning'inia. Nikasikia pingili zinaachana zenyewe, ti, ti, ti. Raha ambayo siwezi kuielezea mbele ya Bi Birika."

"Kisha?"

"Kisha fremu ikatoka, tukashuka wote."

Macho yote yakamgeukia Fundi Kimya, aliyekuwa amesimama wima kando ya nguzo, kikombe mkononi.

"Fremu ile niliitengeneza watu wapite," fundi akasema. "Sikuitengeneza watu waning'inie. Ukitaka ya popo, niambie mapema."

Wakacheka. Takwimu akaweka simu mapajani, akakohoa kikohozi cha mtu mwenye siri.

"Nyote mna bahati. Mimi nilivutwa na mkwe."

"Na nani?"

"Mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Kijana mzuri, ana adabu sana, na adabu hiyo ndiyo ingeniua. Niliona video, mtu analala chali, anavutwa miguu ghafla, anainuka anacheza. Nikamwomba kijana. Akanishika vifundo vya miguu, akasema, 'Samahani baba.' Nikamwambia vuta. Akavuta kidogo, akaacha, 'Nimekuumiza, baba?' Vuta, mwanangu! 'Naogopa kukukosea heshima, baba.' Mpaka nikapandwa na hasira, nikamwambia sahau kama mimi ni mkwe wako, fikiria unavuta gari lililokwama."

"Akavuta?"

"Akasahau kweli. Nilitoka sebuleni, nikapita ukumbini, nikaishia jikoni. Mama mkwe wake alikuwa anapakua chakula. Akaniuliza, 'Mzee, umefuata nini huku, na mbona umelala?'"

Bi Birika alicheka mpaka akaishikilia birika kwa mikono miwili. "Jamani wanaume! Mimi nalalia chupa ya maji ya moto, basi. Naiviringisha chini ya kiuno, huku, kule. Shida yangu ni kuinuka. Jana nimelala pale chini mpaka maji yakapoa, nikawa nangoja mtu yeyote apite aniulize kulikoni."

"Kwa hiyo wataalamu wamekosea," Breki akahitimisha. "Sisi hapa wanne ni ushahidi. Tumekanyagwa, tumening'inia, tumevutwa, tumechemshwa."

"Na mnaumwa bado," Fundi Kimya akasema.

"Hilo ni jambo jingine kabisa! Na wewe, mbona husemi? Mbona hukai?"

"Nikae kwa nini? Mimi mgongo wangu na mbao zangu ni kitu kimoja. Umenyooka. Mtu ukijua kazi yako, mwili unakuheshimu." Akapiga kifua kidogo kuthibitisha. Penseli ya kazi iliyokuwa nyuma ya sikio lake ikatikisika, ikateleza, ikaanguka mbele ya kandambili zake.

Ikalala pale, nyekundu, kila mtu akiiona.

"Penseli yako," Kinyozi akasema.

"Nimeiona."

"Huiokoti?"

"Iache ipumzike. Imefanya kazi sana wiki hii."

Akainywa kahawa yake taratibu, macho mbali, kama mtu mwenye penseli nyingi nyumbani. Kwa siri akaunyoosha mguu, akajaribu kuivuta kwa kidole gumba. Penseli ikaviringika mbali zaidi. Ni penseli adui, akawaza.

Hapo ndipo Bi Birika alipoweka birika jikoni na kushika kiuno, ishara kwamba chai imeisha na habari inaanza.

"Fundi, nikuulize, usinichukie. Nimekutana na mkeo alfajiri, kaja kuchukua mkate. Nikamuuliza mmeamkaje. Akasema wameamshwa na kitanda. Eti kitanda chenu kinalia."

Baraza zima likasogea mbele. Hata mashine ya Kinyozi, iliyokuwa ikinguruma bure mezani, ilionekana kusikiliza.

"Kinalia?" Takwimu akanong'ona.

"Ko! Hivyo alivyosema. Ko."

"Kitanda cha Fundi Kimya?" Breki akashika kichwa. "Mimi nimelala juu ya kitanda chako tangu nioe, nimewahubiria madereva wenzangu stendi nzima! Nimewaambia hata mkigombana na wake zenu humo, majirani hawatajua!"

"Ni hali ya hewa," Fundi Kimya akasema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Mbao zinakauka."

"Za kwangu zitakauka lini? Niambie nijiandae!"

"Basi ubao ufutwe," Kinyozi akasema kwa huzuni ya uongo. "Uandikwe Vitanda Vinalia Kidogo."

"Uandikwe Vinazungumza na Mwenyewe," Takwimu akaongeza.

Wakiwa katikati ya kicheko hicho, msichana mwenye koti jeupe akavuka barabara. Huyo alifungua chumba cha tiba ya viungo nyuma ya duka la dawa, na mtaa, kwa kawaida yake ya kubatiza watu bila kuwauliza, ukamwita Daktari Mikono. Alikuwa amemwagizia Fundi Kimya kitanda cha kukandia wagonjwa, kirefu, chembamba, chenye tundu la uso upande wa kichwani, na leo ndiyo siku ya kukabidhiwa.

"Hamjambo, wazee wangu? Bi Birika, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja wakati mbaya."

"Najua," Daktari Mikono akasema, na kwa uso wake fundi akajua kwamba mkate wa alfajiri ulikuwa umefika mbali. "Fundi, samahani, nimesikia jambo dukani. Mimi si mtu wa maneno ya mtaani, ila kazi yangu ni ya ajabu kidogo. Mtu mwenye mgongo unaomuuma anakuja kwangu na hofu. Akilala, kitanda kikilia ko, anadhani ni yeye amevunjika. Anakaza mwili wote, na mwili uliokaza sina la kuufanya. Ndiyo maana nilikufuata wewe. Sasa niambie kweli tu, vitanda vyako vinalia?"

Fundi Kimya akafungua mdomo. Akili yake ikapiga hesabu za seremala. Akisema ndiyo, jina limekwenda, na kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, aliyoipiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto, itarudi kuwa rafu ya kuwekea makopo ya rangi. Akisema hapana, wataulizana mlio ule ulitoka wapi. Na katika chumba kile walikuwemo watu watatu na kitanda kimoja.

Hakupata muda wa kuchagua. Mama Kidosho alikuwa anakuja, mtoto mkononi, njiani kwenda chekechea.

"Baba Kidosho," akasema baada ya kuwasalimu watu, kwa upole wa mtu aliyekwisha fikiria. "Nilisema nikusaidie kutafuta ulipo ubovu. Kile kitanda nimekitikisa pembe zote. Nimekipanda, nimekirukia. Na Kidosho naye karuka."

"Nimeruka sana," Kidosho akathibitisha.

"Hakilii."

Daktari Mikono akamtazama mke, akamtazama mume, akatazama chini. Penseli nyekundu ilikuwa bado imelala palepale, pamoja na njia aliyoiacha ikiviringika, na alama ya kidole gumba vumbini.

"Fundi," akasema polepole. "Naomba uniokotee hiyo penseli."

"Hii?"

"Hiyo."

"Ni fupi, haina maana."

"Naipenda hivyohivyo."

Watu wote wakawa wameinuka kwenye benchi, kila mmoja kwa mtindo wake, huyu kajishika goti, yule kajisukuma na ukuta. Fundi Kimya akavuta pumzi. Akainama. Akafika nusu ya njia, akafika robo tatu, vidole vikaigusa penseli.

Ko!

Kinyozi akageuka nyuma. Breki akatazama juu. Takwimu akachungulia chini ya benchi.

"Kitanda kiko wapi hapa?" Bi Birika akauliza.

"Ni benchi," fundi akasema kutoka kule chini alikokuwa.

"Benchi kakaa nani? Wote tumesimama!"

Alikuwa amekwama kabisa, penseli mkononi, mgongo kama upinde, na uso wake umeshuka mpaka ukakutana ana kwa ana na uso wa Kidosho. Mtoto alimtazama kwa macho mapana, macho yaleyale ambayo kila alfajiri hakuyaona kwa sababu ya giza na pazia. Kumbe ndivyo yalivyokuwa.

"Kidosho, mwanangu," akasema, si kwa daktari, si kwa kijiwe. "Kitanda hakijawahi kulia. Ni mgongo wa baba. Ndiyo maana kila siku ni kesho."

"Unauma?"

"Unauma."

"Mbona hukusema?"

Alitazama ubao wake ng'ambo ya barabara, akiuona kichwa chini miguu juu. "Baba yako ni fundi mjinga," akasema. "Nimekisingizia kitanda kisicho na kosa. Nikiinuka nitakiomba msamaha."

"Sasa inuka tuone," Breki akasema.

"Siwezi."

Walimcheka, ndiyo. Walicheka mpaka Kinyozi akaegemea nguzo. Lakini mama Kidosho alikuwa amemshika mumewe bega, na aliposema, "Ningekusaidia kuamka kila siku, ungeniambia tu," kicheko kikapungua chenyewe, kama jiko lililonyunyiziwa maji. Breki akajikuna shingo.

"Kusema kweli," akasema, "mimi kushuka kwenye lori siku hizi nashuka kinyumenyume, kama nashuka ngazi ya kisima. Nawaambia watu nakagua matairi."

"Mimi mteja akiwa mfupi, namwambia mtindo wake unanyolewa akiwa amesimama," Kinyozi akasema.

"Mimi," Takwimu akasema, "habari hii nimeitafuta mwenyewe jana usiku. Sikuiokota njiani."

Kazi ikawa kukitoa karakana kitanda cha Daktari Mikono. Mzigo wa watu wanne, na watu wanne walikuwepo, wenye ujuzi wote wa migongo duniani na bila mgongo hata mmoja. Walikizunguka kama wanaokiaga. Breki alitoa amri ya kuinua, hakuna aliyeinama. Akaitoa tena. Mwishoni Daktari Mikono na mama Kidosho walishika upande mmoja, Bi Birika na mke wa Breki, aliyeitwa kwa simu, wakashika mwingine, na kitanda kikafika chumba cha nyuma ya duka la dawa. Wanaume walikifuata nyuma kwa heshima, fundi akiwa bado amekunjika, wakitoa maelekezo.

"Na mgonjwa wa kwanza ni fundi," Daktari Mikono akasema. "Tujaribu kitanda na aliyekitengeneza kwa pamoja."

Fundi Kimya akalala kifudifudi, uso tunduni. Kitanda hakikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, na si maneno ya kuandikwa.

Kupitia tundu alilolikata kwa mkono wake mwenyewe hakuona kitu ila sakafu, na juu ya sakafu viatu vikiingia kimoja kimoja. Viatu vya Breki. Kandambili za Kinyozi. Mlangoni palikuwa pamejaa.

"Kaanza," Breki akatangaza kwa waliokuwa nje. "Kaweka viganja viwili. Havikandi, vimetulia tu."

"Anatafuta," Takwimu akasema.

"Amepata! Fundi kakunja vidole vya miguu!"

Alikuwa amepata kweli. Mikono yake haikuwa na haraka. Ilibonyeza kando ya uti, ikangoja, ikabonyeza tena chini kidogo, na kila ilipokuta panapogoma ilikaa hapohapo bila kugombana, ikimwambia apumue, mpaka pakachoka pakaachia. Kisha ikamgeuza ubavu, ikamkunja goti, ikamzungusha kiuno pole, kama mtu anayejaribu ufunguo mgeni kwenye kitasa. Fundi Kimya aliyezoea kushika mbao akajisikia kwa mara ya kwanza kama mbao inavyojisikia ikiwa mikononi mwa anayeijua.

"Mbona haulii?" Kinyozi akalalamika. "Daktari, vunja tusikie!"

"Mlio si tiba, mzee. Mlio ni mlio. Unaweza kulia ukabaki unaumwa, na unaweza kunyamaza ukapona."

"Basi miaka yote nimewavunja watu shingo bure?"

"Hilo tutalizungumza baadaye, wewe na mimi, faragha."

Ndipo viatu vidogo vikaingia kwenye tundu. Vya Kidosho. Vilisimama chini ya uso wake kabisa, na fundi akaviona kwa karibu. Kamba zilikuwa zimefungwa vibaya, fundo kubwa la ovyo, masikio ya fundo hayalingani. Akataka kuuliza ni nani aliyezifunga hivyo, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa akizifunga, zamani, alipokuwa akiinama. Mtoto alikuwa amejifunza mwenyewe. Machozi ya mtu aliyelala kifudifudi hayana pa kupita ila puani, na yakadondoka juu ya kiatu.

"Baba anavuja," Kidosho akawaambia watu.

"Ni sehemu ya tiba," Daktari Mikono akasema, bila kusimamisha mikono.

Alipomwinua, kiuno kilikuwa chepesi, si kipya, chepesi tu. Na hapo akawapa mawaidha ambayo hawakuyataka: kwamba mikono yake itamfungulia njia ya kusogea, lakini asiposogea njia itajifunga tena. Atembee. Aache kukaa palepale saa nzima. Akiinua kitu akunje magoti, mzigo aulete kifuani, anyanyuke na miguu.

"Yaani habari ya Takwimu ni ya kweli?" Breki akauliza, kama aliyefiwa.

"Ni ya kweli."

"Na kijiwe? Kuja kijiweni ni dawa au ni ugonjwa?"

"Kuja ni dawa," Daktari Mikono akasema. "Kukaa mpaka jua la utosi ndio ugonjwa."

Basi kijiwe kikajifunza kutembea. Ilikuwa aibu tupu mwanzoni. Watu wazima wanne, vikombe mkononi, wakizunguka mtaa huku wakigombana, na watu wakiwatolea vichwa madirishani kuuliza ni msiba wa nani. Ikagundulika kwamba Breki hawezi kubisha na kutembea kwa wakati mmoja. Akitaka kubisha husimama, na msafara wote husimama kumsubiri, kwa hiyo siku ya habari nzito hawakufika popote. Bi Birika alikataa kabisa kubeba jiko. Alisema atangoja palepale, wakirudi wamletee habari, kwa mara ya kwanza maishani mwake habari zimfuate yeye. Mke wa Breki alikoma kumkanyaga mumewe, akaanza kumkokota matembezini, na Breki akasema mkeka ulikuwa na huruma zaidi. Kila asubuhi Fundi Kimya alifanya mazoezi yake nyuma ya karakana, akishuka na kupanda ameshikilia meza ya kazi, akiangalia kwanza kama hakuna anayemwona. Zilikuwepo siku mbaya. Siku nyingine mgongo ulimkumbusha upo, naye alimwambia mkewe gizani, kwa neno moja, "Mgongo," na mkewe alimpa mkono.

Na asubuhi moja Kidosho alipouliza nyuma ya pazia, baba hakusema kesho.

Alitoka naye mpaka barabarani, mbele ya baraza. Kijiwe kizima kikaacha vikombe. Fundi Kimya akashuka, magoti yamekunjwa, mgongo wima.

"Kunja zaidi!" Takwimu akaamuru.

"Mlete kifuani kwanza! Kifuani!" Kinyozi akapiga kelele, taulo juu.

"Pumua, fundi! Nani kakwambia uzuie pumzi?"

"Nyamazeni, mtamtisha mtoto," mama Kidosho akasema, ingawa mwenyewe alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili.

Akamleta kifuani, akasubiri, akasukuma ardhi kwa miguu. Wote wakatega masikio. Hakuna kilicholia. Akasimama. Akampandisha mabegani, na vile vidole vidogo vikarudi kwenye masikio yake, mahali pao.

Breki akapiga kelele kama goli limeingia. Wakaondoka wote, baba mbele na mwanawe juu, kijiwe nyuma, wakigombana tayari ni nani aliyemponya: Takwimu akidai ni habari yake, Breki akidai ni matembezi aliyoyaongoza yeye, Kinyozi akikumbusha ni nani aliyeiona penseli wa kwanza. Fundi Kimya hakuwasikia. Alipiga honi mbele ya duka la dawa. Daktari Mikono akatoka mlangoni kutazama, akapigiwa honi na yeye. Fundi akakata kushoto bila kuambiwa, akakata kulia, kifua mbele, shingo imenyooka, akimngojea mtoto atoe amri.

"Baba, nishushe, nataka kutembea."